Randy Rhoads, Mpiga Gitaa Aliyependa Shule

Wenzangu wengi bwenini hudhani kuwa muziki wa hevi metali, yaani ule wa magitaa ya umeme na kishindo kikubwa, hupigwa na watu waliokimbia shule. Mimi nijifunzaye gitaa katika bendi yetu ya hapa nawaomba wasomaji wanisikilize kidogo, niwaeleze habari za Randy Rhoads.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 6 Desemba, 1956, katika mji wa Santa Monica, jimbo la California, Marekani. Baba yake aliondoka nyumbani Randy angali mtoto mchanga, akalelewa na mama yake, Bibi Delores, aliyekuwa na shule yake ya muziki iitwayo Musonia. Yasemekana haukupita muda mrefu, mwalimu wake wa gitaa akamwendea mama akamwambia kuwa hana tena la kumfundisha mtoto yule. Hata alipokuwa kijana, Randy mwenyewe akawa mwalimu katika shule ile ile; mchana akifundisha, usiku akipiga muziki katika vilabu vya Los Angeles pamoja na bendi yake, Quiet Riot. Bendi hiyo ilitoa santuri mbili, nazo ziliuzwa Japani tu.

Mwaka 1979 Ozzy Osbourne, mwimbaji Mwingereza aliyekuwa ametolewa katika bendi ya Black Sabbath, alikuwa akitafuta mpiga gitaa. Akamchukua Randy, wakaenda Uingereza, wakatoa santuri mbili: Blizzard of Ozz mwaka 1980, na Diary of a Madman mwaka 1981. Zikanunuliwa kwa mamilioni. Katika santuri ya kwanza, katikati ya kishindo chote, mna muziki mfupi wa gitaa tupu lisilo la umeme, usiofika hata dakika moja. Jina lake ni Dee, na Randy aliutunga kwa ajili ya mama yake. Wenzangu huuruka, mimi ndio niupendao kupita yote.

Nao walipokuwa safarini, alikuwa akitafuta katika miji waliyopita mwalimu wa gitaa la kiklasiki ampe somo. Fikirini, usiku mtu ashangiliwa na maelfu, na kesho yake yuko mbele ya mwalimu na daftari lake! Tena alikuwa na nia ya kuiacha bendi, sifa na fedha zake, aende chuo kikuu kuusomea muziki huo.

Hakuwahi. Asubuhi ya tarehe 19 Machi, 1982, huko Leesburg, Florida, dereva wa basi lao, ambaye alijua pia kurusha ndege, alimpandisha katika ndege ndogo, akawa anapita chini chini juu ya basi kwa mzaha. Bawa likagonga basi, ndege ikaangukia nyumba ikawaka moto. Wote watatu waliokuwamo walikufa. Randy alikuwa na umri wa miaka 25.

Rudy Sarzo, mpiga besi aliyekuwa ndani ya basi lile, alirudi Quiet Riot, na mwaka 1983 santuri yao Metal Health ikashika namba moja Marekani, muziki huo ulipokuwa ukianza kuvuma kweli kweli. Bibi Delores naye aliendelea na shule yake ya Musonia kwa miaka mingi, hata akafariki mwaka 2015.