Santos-Dumont na Ndege ya Mianzi

Alberto Santos-Dumont alizaliwa nchini Brazili tarehe 20 Julai 1873. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa. Shamba lao lilikuwa kubwa sana, hata lilikuwa na reli yake. Alberto alipenda mashine tangu utoto. Akiwa bado mvulana, aliendesha gari moshi lililobeba kahawa shambani.

Baadaye baba yake aliumia, akapooza. Aliuza shamba, akampa Alberto sehemu ya mali. Alimshauri aende Ufaransa kujifunza mambo ya mashine.

Wakati huo watu waliruka kwa puto. Puto ni mfuko mkubwa uliojazwa gesi nyepesi. Lakini puto huenda upepo unakotaka. Santos-Dumont alifunga injini ya petroli chini ya puto refu, ili aliongoze mwenyewe. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari, maana gesi ile huwaka upesi. Mwezi wa Agosti 1901 puto lake liligonga paa la hoteli mjini Paris, likapasuka. Alibaki ananing'inia mpaka wazima moto walipomwokoa.

Hakukata tamaa. Aliunda jingine. Tarehe 19 Oktoba 1901 aliuzunguka mnara wa Eiffel, akarudi alikotoka. Alipata zawadi kubwa ya fedha. Fedha hizo aliwapa wafanyakazi wake na maskini wa Paris.

Kisha akaanza kuunda ndege. Huko Marekani, ndugu wawili walioitwa Wright walikuwa wamekwisha kuruka kwa ndege mwaka 1903. Lakini watu wengi wa Ulaya walikuwa hawajaona jambo hilo. Tarehe 12 Novemba 1906 Santos-Dumont aliruka mita 220 mbele ya umati wa watu.

Mwaka 1907 alianza kuunda ndege ndogo iliyoitwa Demoiselle. Kwa Kifaransa jina hilo maana yake ni binti. Pia ni jina la mdudu anayefanana na kereng'ende. Mwili wa ndege hiyo ulikuwa wa mianzi. Mabawa yake yalifunikwa kwa hariri. Injini ilikaa juu, na rubani alikaa chini yake, katikati ya magurudumu mawili. Ndege ikianza kulala upande mmoja, rubani aliegemea upande wa pili. Mwili wake ulisukuma mti uliovuta kamba za mabawa, na ndege ikakaa sawa. Mwezi wa Septemba 1909 aliruka nayo kilomita 8 kwa muda wa dakika 5.

Watu wengi walitaka kuwa na ndege kama hiyo. Wavumbuzi wengine, kama akina Wright, waliandikisha uvumbuzi wao serikalini. Mtu hakuruhusiwa kuuiga bila kulipa. Santos-Dumont hakufanya hivyo. Alimruhusu kila mtu kuiga ndege yake bure. Mwaka 1910 gazeti la Marekani, Popular Mechanics, lilichapisha michoro yake na vipimo vyake. Fundi aliyejua kusoma aliweza kuiunda nyumbani. Kwa hiyo wengi huiita ndege ya kwanza ya kujiundia.

Mwaka huo huo wa 1910 Santos-Dumont aliugua, akaacha kurusha ndege. Huzuni nyingine ilimpata. Ndege zilitumiwa vitani kuua watu. Mwaka 1926 aliyaomba mataifa yapige marufuku ndege za vita. Hayakukubali. Mwezi wa Julai 1932 vita vilizuka nchini kwake, na ndege zilitupa mabomu. Tarehe 23 ya mwezi huo, akiwa mgonjwa na mwenye huzuni, alijiua. Alikuwa na umri wa miaka 59.

Hakuweza kuzuia ubaya uliofanywa kwa ndege. Lakini zawadi yake haikupotea. Hata leo, katika nchi nyingi, wako mafundi wanaojiundia ndege ndogo kwa kufuata michoro. Elimu ni mali isiyopungua kwa kugawiwa.

Maswali

1. Mwili wa Demoiselle ulikuwa wa nini?
2. Kwa nini watu wengi waliweza kuiunda?
3. Je, katika kijiji chenu yuko fundi anayewafundisha wengine kazi yake? Wanakijiji wamepata faida gani?