Mama Kevina na mchukuzi aliyeanguka

Jumapili moja, nikielekea kanisani hapa Oyugis, nilimwona kijana wa mkokoteni ameanguka kando ya barabara iendayo Kisii. Magunia yalikuwa yamemlemea, na goti lake lilikuwa likivuja damu. Sisi waumini, Biblia kwapani, tulimpitia kando kwa kuhofia kuchelewa ibada. Aliyeinama kumwosha jeraha ni mama mmoja muuza ndizi. Nami ni mwalimu wa dini! Tangu siku hiyo nafsi yangu hunisuta, na kila inaponisuta humkumbuka Mama Kevina.

Mama huyo alizaliwa mwaka wa 1875 katika jimbo la Wicklow, nchini Ireland, akaitwa Teresa Kearney. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa. Alipokuwa na umri wa miaka kumi, mama yake naye akaaga dunia, nyanya akabaki kumlea. Yatima huyo alisomea ualimu, akafundisha Uingereza, na mwaka wa 1895 akajiunga na masista Wafransisko wa Mill Hill, London, ambako alipewa jina la Kevin. Tarehe 15 Januari 1903, yeye na wenzake watano waliwasili Nsambya, Kampala.

Hawakukuta hospitali. Maradhi ya malale yalikuwa yakiwaangamiza watu maelfu kwa maelfu kandokando ya Ziwa Victoria. Kevin hakungoja majengo wala fedha. Alianza kuwatibu wagonjwa chini ya mwembe.

Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 vilipozuka, walioumia zaidi walikuwa wachukuzi Waafrika, wale wa Kariakoo. Wazee wetu wa Nyanza Kusini walikuwa miongoni mwao, na wengi hawakurudi makwao. Maradhi na njaa viliua wachukuzi wengi kuliko risasi. Wachukuzi waliougua walitibiwa pia huko Nsambya, na Kevin alichukizwa mno na jinsi Wazungu walivyowadhulumu. Machoni pake, mchukuzi alikuwa mtu kamili, si mnyama wa mizigo. Mwishoni mwa 1918 serikali ya Uingereza ilimtunukia nishani.

Hata hivyo, wema wake haukuwa wa machozi matupu. Akina mama walikuwa wakifa katika uzazi, ilhali sheria za Kanisa ziliwazuia watawa kufanya kazi ya ukunga. Kevin alishirikiana na daktari Evelyn Connolly, ambaye hakuwa mtawa, na mwaka wa 1921 mafunzo ya wauguzi na wakunga yakaanza Nsambya. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka wa 1936. Kabla ya hapo, mwaka wa 1923, alikuwa ameanzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko kwa wasichana wanane wa Kiafrika. Alijua kwamba huruma isiyofundishwa hufa pamoja na mwenyewe. Wenye ukoma nao, waliokuwa wakitengwa hata na jamaa zao, walifunguliwa vituo huko Nyenga na Buluba.

Alifariki Marekani mwezi Oktoba 1957, akiwa na umri wa miaka 82. Alizikwa kwanza kwao Ireland, lakini Waganda hawakuridhika. Mwili wake ukaletwa na kuzikwa Nkokonjeru mwezi Desemba mwaka huo huo. Katika Uganda jina Kevina lilikwisha kugeuka neno la kawaida la hospitali au taasisi ya hisani, na mwaka wa 2016 Kanisa Katoliki lilianzisha rasmi mchakato wa kumtangaza mwenye heri.

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, tunausoma mfano wa Msamaria Mwema na kuujibia maswali ya mtihani. Je, tunamjua mwanafunzi anayeshinda njaa wakati wa chakula cha mchana? Tunamwamkia mpishi wa shule? Mtoto anayechekwa kwa sare iliyochakaa hutetewa na nani? Kevin alianzia chini ya mwembe, na miembe haikosekani katika nyua za shule zetu.

Kijana yule wa mkokoteni sikumwona tena. Siku hizi hutoka nyumbani mapema kidogo Jumapili, ili nikikuta mtu ameanguka nisiwe na kisingizio cha saa.