Svante Arrhenius: Aliyejua Siri ya Joto

Mwaka huu nawaletea maisha ya Svante Arrhenius, mwana wa Uswidi ambaye maprofesa wake walikaribia kumzima kabla hajawaka. Alizaliwa tarehe 19 Februari 1859 huko Vik, karibu na mji wa Uppsala. Inasemekana alijifunza kusoma akiwa na miaka mitatu tu, hata hakungoja shule!

Mnamo 1884 aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Uppsala, kuhusu jinsi umeme unavyopita katika maji yenye chumvi. Wakubwa wakatikisa vichwa. Alipita, lakini kwa alama za chini mno, na kwa alama hizo hangeweza kuwa mhadhiri pale. Jamani, kazi yote ile! Kijana hakukaa kulia. Aliwatumia nakala wataalamu wa nchi nyingine, na Wilhelm Ostwald, aliyekuwa akifundisha Riga, akafunga safari hadi Uppsala kumwona na kumpa kazi. Kumbe mgeni ndiye aliyewazindua wenyeji. Uppsala wakampa nafasi ya kufundisha.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi wa Bayolojia. Kila mpishi anajua kwamba joto huharakisha mambo, lakini kwa nini? Mwaka 1889 Arrhenius alichunguza jinsi sukari ya miwa inavyovunjwa na asidi. Ungedhani molekuli zikipata joto hukimbia zaidi na kugongana zaidi, basi yamekwisha. Hesabu ilikataa. Ukiongeza nyuzi 10, mwendo wa molekuli huongezeka kwa chini ya asilimia 2, ilhali kasi ya mmenyuko yaweza kuongezeka maradufu au zaidi. Akasema, basi, si kila molekuli iko tayari. Ni chache tu zenye nguvu ya kuvuka kizingiti, na joto likipanda kidogo, hizo chache huwa nyingi upesi.

Enzaimu nazo hufuata njia hiyo, ila zina ujanja wao: hukishusha kile kizingiti. Ndiyo maana mate huvunja wanga mdomoni kwa nyuzi 37 bila kuchemshwa. Lakini joto likizidi, umbo la enzaimu huharibika kama ute wa yai kikaangoni, na hata ukilipoza, yai halirudi kuwa bichi. Hapo mstari wa grafu uliokuwa ukipanda vizuri huporomoka. Kwenye barafu mambo ni tofauti: enzaimu haifi, imelala tu, ukiipasha huamka. (Wanaoandika kwamba baridi huiua hupoteza alama bure.)

Mwaka 1896 alikokotoa jinsi gesi ya kaboni dayoksaidi inavyoweza kuipasha dunia joto, jambo linaloisumbua dunia hadi leo. Mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, Mswidi wa kwanza kuipata, tena kwa mawazo yaliyochipuka katika ile ile tasnifu iliyodharauliwa! Mnamo 1915 alitoa kitabu kuhusu kanuni za kemia ndani ya viumbe hai, enzaimu zikiwemo.

Alifariki Stockholm tarehe 2 Oktoba 1927, mwaka mmoja tu baada ya James Sumner wa Marekani kuonyesha kwamba enzaimu ni protini. Alizikwa Uppsala.