Ambrose, Askofu Aliyefundisha Waumini Kuimba

Katika jubilii hii tumeona vyema kumkumbuka mzee wetu wa kale katika uimbaji, Ambrose, Askofu wa Milano nchini Italia.

Ambrose alizaliwa karibu mwaka 340 huko Trier, baba yake akiwa ofisa mkuu wa serikali ya Roma. Naye akawa mwanasheria, kisha gavana, makao yake Milano. Mwaka 374 askofu wa mji alifariki, na Wakristo wakagombana juu ya mrithi wake. Wengine walifuata mafundisho ya Arius, kasisi wa Alexandria, kwamba Mwana ni kiumbe. Wengine walishika imani iliyokiriwa na maaskofu huko Nicaea mwaka 325, kwamba Yesu ni Mungu kweli, sawa na Baba. Gavana alikwenda kanisani kutuliza watu, nao wakamtaka yeye awe askofu. Alikuwa hajabatizwa bado. Alijaribu kukwepa, akashindwa. Alibatizwa, na baada ya siku chache akawekwa wakfu.

Wafuasi wa Arius waliuliza swali zito: Mungu anawezaje kuona njaa, kulia na kufa msalabani? Ambrose alifundisha kwamba Mwana alipata hayo yote katika ubinadamu aliouvaa kwa ajili yetu, wala uungu wake haukupungua. Kujishusha kwake ni upendo, si udhaifu.

Mwaka 386 Justina, mama wa Kaizari kijana Valentinian II, alidai kanisa moja wapewe wafuasi wa Arius. Waumini walikesha ndani pamoja na askofu wao, nje askari wamewazunguka. Ili wasivunjike moyo, Ambrose aliwafundisha kuimba zaburi na nyimbo, kama ilivyokuwa desturi ya makanisa ya Mashariki. Nyimbo alizotunga zilikuwa na beti za mistari minne, kila mstari silabi nane, rahisi kushika. Hata asiyejua kusoma aliweza kukiri kwa wimbo kwamba mtoto wa horini ndiye Mungu. Mwishowe askari waliondolewa, na kanisa halikutolewa.

Askofu huyu aliyeyusha vyombo vya thamani vya kanisa ili kuwakomboa mateka. Pasaka ya mwaka 387 alimbatiza Augustine, ambaye nyimbo za Milano zilimtoa machozi. Alifariki tarehe 4 Aprili 397, mkesha wa Pasaka.

Wanakwaya wenzetu, kuanzia soprano hadi besi, wimbo wetu si pambo la ibada. Ni ungamo la imani. Basi tukimwimbia Mungu aliyejishusha hadi msalabani, tusigombanie solo wala maikrofoni. Tuimbe vizuri, tujishushe, ili usharika ukitoka uwe umemwona Yesu.

Jubilii njema!