Kesi ya Simon Kimbangu ilivyongoja miaka 90

Kila tarehe 6 Aprili shule na ofisi za serikali hufungwa, Kabambare na Kasongo sawa na kwingine nchini. Tangu mwaka 2023 siku hiyo ni ya mapumziko kwa heshima ya Simon Kimbangu. Wengi wanamjua kama nabii. Kwamba alikuwa pia mfungwa aliyenyimwa wakili na rufani, hilo husemwa kidogo.

Kimbangu alizaliwa Nkamba, Kongo ya Chini, mwaka 1887, akawa mwalimu wa dini kwa Wabatisti. Aprili 1921 ilienea habari kwamba anaponya wagonjwa. Watu waliacha kazi za Wazungu wakaelekea Nkamba kwa makundi, na hapo ndipo serikali ya Wabelgiji iliposhtuka. Mwezi Juni askari walipokuja kumkamata aliwaponyoka. Septemba akarudi mwenyewe, akajitoa mikononi mwao.

Alipelekwa Thysville, leo Mbanza-Ngungu, mbele ya korti ya kijeshi. Alishtakiwa kuhatarisha usalama wa serikali, ingawa hakuwa na jeshi wala silaha. Hakupewa mtu wa kumtetea. Leo mtu wa Kabambare akishindwa kesi Kasongo, anaweza kukata rufani hadi Kindu. Kimbangu hakuwa na mlango huo. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa viboko 120, kisha kifo.

Wamisionari Wabatisti waliomba ahurumiwe, na Mfalme Albert akabadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Lakini huruma ya mfalme si kushinda kesi: iliokoa shingo yake, hatia ikabaki vilevile. Maelfu ya wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu na kutupwa mbali na kwao.

Yeye alifungwa Elisabethville, Lubumbashi ya sasa, mji wa Kiswahili, mbali kabisa na Nkamba. Alikaa gerezani miaka 30, mara nyingi zaidi ya miezi michache aliyohubiri, na humo akafa tarehe 12 Oktoba 1951.

Desemba 1959 Wabelgiji walilitambua kanisa lake, na mwaka uliofuata mwili wake ukarudishwa Nkamba. Hukumu haikuguswa. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2011, Korti Kuu ya Kijeshi huko Kinshasa ilipolifungua tena jalada la Thysville na kuifuta. Mshtakiwa alikuwa kaburini miaka 60.