Oskar Barnack na Kamera ya Mfukoni

Kila niendapo Shelly Beach, Likoni, huwaona vijana wakiwapiga wageni picha kwa kamera ndogo, nami humkumbuka Mjerumani Oskar Barnack. Alizaliwa mwaka 1879. Alipenda kutembea milimani, ila pumu ilimzuia kubeba kamera ya mabamba ya kioo, mzigo wa hamali hasa. Akiwa fundi katika kiwanda cha Leitz, mjini Wetzlar, alitwaa filamu ya sinema akaipitisha kwa mlalo. Picha mbili zikawa moja, milimita 24 kwa 36. Kamera ya majaribio ilikuwa tayari kufikia 1914, vita vikazuka. Iliuzwa kuanzia 1925 kwa jina la Leica.

Kabla yake, mnyonge alipigwa picha studio, kasimama wima kama mlingoti. (Kiswahili hukiri kwamba picha ni pigo!) Barnack alitoka nayo barabarani: mwaka 1920 alipiga picha za mafuriko ya Wetzlar, watu wakiwa katika hali zao. Kwangu mimi, hilo lapita ufundi wote.

Alifariki Januari 1936. Kipimo chake ndicho kiitwacho fremu kamili hadi leo, hata katika kamera zisizotumia filamu.