Edward Jenner na Ugonjwa wa Ndui

Wengi wenu mmeona kovu la chanjo ya ndui mikononi mwa wazee wetu. Twapenda kuwasimulia habari za mtu aliyeianza kazi ile.

Edward Jenner alizaliwa mwezi wa Mei 1749 katika Berkeley, Uingereza, mwana wa mchungaji wa mahali pale. Alipokuwa na miaka 5 wazazi wake wote wawili walifariki, akalelewa na ndugu zake wakubwa. Siku zile ndui iliua watu wengi mno, na waliopona walibaki na makovu usoni, hata wengine vipofu. Kinga ilikuwapo, lakini ya hatari: mtu alichanjwa usaha wa ndui yenyewe ili augue kidogo. Baadhi walikufa, tena waliwaambukiza jirani. Edward alitendewa hivyo alipokuwa na miaka 8. Kwanza alitolewa damu na kupunguziwa chakula kwa majuma kadhaa, kisha akafungiwa bandani pamoja na watoto wengine hata wapone. Twadhani hakulisahau banda lile.

Alijifunza uganga London kwa Bwana John Hunter, kisha akarudi kwao. Wakulima wa huko walisema kwamba mkama ng'ombe aliyepatwa na ndui ya ng'ombe, yaani vipele vya mikononi visivyoua, hapatwi na ndui ya watu. Mkulima mmoja, Benjamin Jesty, alikuwa amemchanja mkewe na wanawe hivyo mwaka 1774, nasi tusimnyime heshima yake. Lakini Jenner ndiye aliyechunguza na kuandika.

Tarehe 14 Mei 1796 alitwaa majimaji ya kipele mkononi mwa Sarah Nelmes, mkama ng'ombe, akamchanja James Phipps, mtoto wa miaka 8, ambaye baba yake alimfanyia kazi. Mwezi wa Julai akamtia ndui yenyewe, wala mtoto hakuugua. Leo haingeruhusiwa kumjaribu mtoto hivyo, nasi twaona ni vema. Mwaka 1798 alipiga chapa kitabu chake kwa gharama yake mwenyewe. Wenye mzaha wakachora picha za watu waliochanjwa wakiota ng'ombe mwilini! Yeye aliendelea kuwachanja maskini bure katika kibanda cha bustani yake, hata alipofariki Januari 1823.

Jenner alidhani chanjo moja yatosha maisha yote. Baadaye ilionekana kwamba nguvu yake hupungua. Kwa hiyo sheria ya Ujerumani ya mwaka 1874 iliagiza mtoto achanjwe akiwa mdogo, na tena apatapo miaka 12 hivi. Surua nayo hata leo yataka chanjo mbili.

Mwaka 1977, huko Merca, Somalia, kijana mpishi wa hospitali alipatwa na ndui, kwa kuwa alikuwa ameogopa maumivu ya kuchanjwa. Alipona, naye akawa wa mwisho duniani kuambukizwa ugonjwa ule kwa njia ya kawaida. Na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha. Miaka mingi baadaye mtu yule alizunguka Somalia, akiwasimulia wazazi habari zake na kuwasihi wawapeleke watoto wao kupewa chanjo ya polio.